Kuku Watatu wa Hilaria

Kaeni chini nyote, na wewe Godwin acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri bodaboda. Nyumba hii itakuwa yako, najua, ila leo bado sijafa, kwa hiyo leo nazungumza mimi. Wegesa, nisogezee mto huo mgongoni. Hivyo hivyo, asante. Irine, mjukuu wangu, bonyeza simu yako ianze kunasa sauti, uiweke hapa juu ya godoro karibu na mdomo wangu, maana sauti yenyewe imebaki ya kuokoteza, na mtu ninayetaka anisikie kuliko ninyi nyote hayumo humu ndani. Yuko Nyamongo. Nimemwita mara mbili, mara zote mbili hakuja, na simlaumu. Tegeni masikio basi, watoto wa nyumba yangu. Miguu hii mnaiona ilivyojaa maji, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na yule daktari wa zahanati siku hizi akija anaongea na Wegesa nje, mimi ananisalimia tu shikamoo bibi na kutazama pembeni.

Mali kwanza, tuimalize upesi, kwa sababu wengine hapa masikio yamesimama kwa ajili hiyo tu. Shamba la chini, lile linaloshuka mpaka mtoni, ni la Godwin. Ng'ombe ni wa Godwin, ila yule mwekundu wa pembe moja msimuuze, maziwa yake ndiyo anayokunywa mama yenu. Nyumba hii na shamba la mihogo ni vya Wegesa mpaka na yeye alale. Irine, wewe una kazi yako ya kufundisha watoto, nakuachia cherehani na lile blanketi zito. Hayo sikuyagawa mimi, mila iliyagawa kabla sijazaliwa, na wazee wa ukoo wanayajua kuliko wanavyojua majina ya wajukuu wao. Lakini kuku si mali ya ukoo. Sijawahi kuona wazee wakikaa kikao kuhesabu kuku. Kuku ni wa mwanamke, na hao ndio pekee nilio nao wa kutoa kwa mkono wangu mwenyewe. Wamebaki watatu. Mwaka jana walikuwa arobaini na kitu, na wote hapa Kenyamonta mnajua walivyokwisha, mnajua na mtu aliyewaletea kifo, mmemsema mpaka mmechoka. Mnajua uongo. Uongo huo niliutunga mimi, kwa mdomo huu huu.

Ngoja nianzie mbali, pumzi ikikatika mnivumilie. Hilaria, mwanangu, sasa nazungumza na wewe, hawa wengine wanasikiliza tu. Mimi nilizaa mara saba nikazika sita, aliyebaki ni wewe, na wewe ukawa msichana. Baba yako alipokufa, ndugu zake walikuja wakakaa kwenye kiti chake wakaanza kupima shamba kwa macho hata matanga hayajaanuliwa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu inaitwa nyumba ntobhu, na mjane wa nyumba hiyo ana mlango mmoja tu wa kutokea: aoe mke kwa ng'ombe wake mwenyewe, mke azae, na watoto wahesabiwe wa nyumba yake. Ng'ombe sikuwa nao. Nilikuwa na wewe, umri miaka kumi na sita. Nikakutoa kwa mwanaume wa Nyamongo uliyekuwa umemwona mara moja, ng'ombe wako wakaingia kwa lango lile pale, hawakumaliza hata mwezi wakatoka kwenda kumwoa Wegesa. Usiiname, Wegesa. Wewe huna kosa, umenitunza kama mama yako mzazi na umeniletea Godwin na Irine, ila ukweli ni kwamba uliingia humu kwa machozi ya mwenzako, na sote wawili tumekula ugali juu ya machozi hayo miaka yote hii tukisema ndiyo maisha.

Na siku ile unaondoka, Hilaria, hukunililia mimi. Ulililia kuku. Uliwashika mmoja mmoja, ukawataja kwa majina, wale wanawake waliokuja kukuchukua wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka pamoja nao. Mungu anisamehe. Kuku wale walikuwa wako kuliko walivyokuwa wangu.

Irine hajui walivyofika, wacha nimweleze. Alikuwepo mchimba dhahabu mmoja, Msukuma wa upande wa Geita, jina lake Masele, kijana mrefu mwenye kikohozi, alikuwa akipita hapa kununua mihogo. Homa ikamkamata, akalala kwenye jiko langu wiki mbili, mimi na Hilaria tukamnywesha uji. Alipopona akaenda, akarudi na tenga, ndani yake matetea wawili na jogoo, akasema aliwapata kwa mpishi wa kambi ya wazungu waliokuwa wanapima mawe huko porini, tuwafuge, hana kingine cha kutushukuru. Hatukumwona tena. Baada ya miezi mitatu Hilaria akaingia mbio ameshika yai mikononi, kijani, rangi ya jani la mlonge likianza kukauka, akaniambia, mama, kuku anaumwa. Majirani wakaja kutazama. Huyu akasema ni yai la nyoka, yule akasema Masele ametuachia uchawi wa kwao, shemeji yangu mkubwa akaamuru litupwe mtoni. Enzi hizo mwanamke wa hapa kwetu hakula yai hata jeupe, mayai na kuku ni chakula cha wanaume, ukila unaambiwa utazaa mtoto bubu. Nilikuwa nimeshazika watoto sita. Nikaona sasa nitatishwa na nini tena? Nikalichemsha, nikalimenya mbele yao, nikalila na chumvi. Lilikuwa yai tu. Hilaria akacheka, akaniomba kipande, nikampa, na sikumbuki siku nyingine tuliyokula sahani moja tukiwa na furaha ya namna ile.

Lakini kuku wale walikuwa walaini mno kwa nchi hii. Mnakijua kiangazi chetu, udongo unapasuka, upepo unakuja na vumbi, na ikifika saa saba mchana hata mbuzi hataki kutembea. Wao walikuwa na manyoya mazito kama wamevaa koti, jua likipanda wanafungua midomo, wanatanua mabawa, mara mmoja kaanguka. Ni Hilaria aliyesema tuwachanganye na kishingo, wale kuku wetu wa shingo isiyo na manyoya ambao watu huwacheka kwa ubaya wa sura. Alitembea mpaka Nyambureti kwa shangazi yake akarudi na matetea wawili wabaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Tukaanza kuchagua. Alipoolewa nikaendelea peke yangu, mwaka hadi mwaka, nikimkumbuka na kujifanya simkumbuki, mpaka nikapata kuku niliyemtaka: mdogo, mkavu, shingo tupu, hafi kwa jua, halali njaa akiachiwa uwanja, na anataga kijani. Wengine wakataga rangi ya bluu iliyopauka, wengine kijani cha kuelekea kahawia kama chai ya rangi iliyopoa. Yule mpishi wa kambi ya watalii, Winfrida, alipoyaona mara ya kwanza alipiga kelele kabisa, akasema wageni wake watayapiga picha kabla ya kuyala. Tangu hapo kila wiki trei zilienda. Godwin, sare zako za shule zilitoka kwenye mkia wa kuku. Irine, chuo chako vilevile. Ng'ombe hawakuuzwa hata mmoja kwa ajili yenu, ng'ombe walikuwa wamekaa tu wakiitwa mali.

Sasa nafika pale. Irine, simu bado inanasa? Hakikisha.

Mnaijua sheria yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wahenga walivyosema, na mimi nikaongeza yangu: kuku mgeni anakaa kwenye tenga nyuma ya jiko la Wegesa wiki tatu, na maji yake, na punje zake, na anayemlisha ananawa mikono kwanza ndiyo aje kwangu. Hata padri alipotuletea jogoo wa zawadi alikaa huko wiki tatu, padri akanuna. Sheria hiyo ilitukinga miaka mingi, kideri kikapita kwa majirani kikafagia mabanda, kwangu kikapita nje.

Basi mwaka jana mwezi wa nane, Hilaria alisikia kwamba moyo wangu umeanza kunisumbua. Akaja. Binti haji kwa mama yake mikono mitupu, akaja na kuku mmoja, kishingo, uzao wa kifaranga alichokificha kwenye kanga siku ya kuolewa kwake, kumbe alikuwa ameutunza ukoo ule huko Nyamongo miaka yote bila kuniambia. Na bila mimi kusema neno, alimpeleka kuku wake moja kwa moja nyuma ya jiko la Wegesa, akamfunga kwenye tenga, akanawa mikono. Mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Nilimwona kwa dirisha, na nilisikia fahari, ila sikumwambia.

Siku ya pili yake akaja Godwin.

Mura, kijana wangu, usitazame chini, nitazame mimi. Ulikuja na pikipiki, umefunga nyuma jogoo mkubwa mwekundu uliyemnunua mnadani, mkia wake unang'aa, miguu minene, mzuri kweli. Ulikuwa hujawahi kuleta kitu kwenye boma hili tangu uanze kazi. Na siku hiyo walikuwepo ndugu wawili wa marehemu babu yako, wamekuja kunitazama kama nimekaribia, nilijua wanatazama nini. Kwetu kijana akileta mnyama wake wa kwanza wa kiume kwenye nyumba yake, mnyama huyo hasimamishwi langoni. Anaingia kwa lango kubwa, mama wa nyumba anampokea mbele ya watu, kwa sababu kumsimamisha ni kumwambia kijana kwamba nyumba hii si yako. Najua mila inasema ng'ombe, au angalau dume la mbuzi. Jogoo hayumo. Lakini wale wazee walikuwa wananitazama, na miaka yote wamekuwa wakinong'ona kwamba nyumba ya kununua kwa ng'ombe za binti si nyumba, na mrithi wake si mrithi, na mimi kiburi kikanipanda kichwani kama pombe. Nikasimama na miguu hii, nikampokea jogoo kwa mikono miwili, nikapiga vigelegele, nikamwachia katikati ya kuku wangu. Hilaria alikuwa amesimama pale jikoni. Akasema taratibu, mama, tenga? Nikamwambia nyamaza, hiki ni kitu cha mwenye nyumba.

Jioni ile ile niliona. Jogoo alikuwa amesimama pembeni anasinzia, manyoya yamevimba, na kinyesi chake kijani kama majani yaliyopondwa. Nimefuga kuku maisha yangu yote, nilijua ninachokiona. Na matone ya chanjo ya machoni msimu ule tulikuwa hatujatia, yule mtu wa mifugo barafu yake ya kuhifadhia chanjo iliyeyuka njiani akasema atarudi, hakurudi. Ningemkamata jogoo saa ile ile nikamchinja na kumchoma, labda ningeokoa nusu. Nikajiambia, wale wazee wamelala hapa leo, wataona mrithi analetewa jogoo wake maiti. Ngoja waondoke kesho. Walikaa siku tatu.

Mnakumbuka. Siku ya nne walianza kupinda shingo, siku ya tano walikuwa wanazunguka kama walevi, siku ya tisa tulikuwa tunachimba shimo. Yule mweusi mwenye madoa aliyekuwa akitaga kijani kilichokolea kuliko wote, alinifia mapajani, akafungua mdomo kama anataka maji, nikampa maji, yakatoka puani. Wale wazee wakarudi kwa sababu habari mbaya ina miguu, wakasimama juu ya shimo, mkubwa wao akauliza, nani ameingiza ugonjwa huu? Akamtazama Godwin. Jamani, nisikilizeni vizuri. Kama ningejibu kweli, lingesemwa kwamba kitu cha kwanza cha mrithi kimeua boma, kwamba ni nuksi, kwamba mizimu imemkataa, na shamba la mtoni wangelichukua mwezi uleule. Nyumba niliyoijenga kwa mwanangu wa pekee ingeanguka kwa jogoo mmoja. Nikanyoosha mkono huu. Nikasema, ni Hilaria, alikuja na kuku mgonjwa kutoka Nyamongo.

Sikuishia hapo. Nilienda nyuma ya jiko la Wegesa, nikamtoa kuku wake kwenye tenga. Alikuwa mzima. Macho makavu, kilemba chekundu, anataga, yai lake la siku ile lilikuwa ndani ya tenga bado lina joto, kijani. Nikamvunja shingo mbele ya watu, nikamtupa shimoni na wenzake waliokufa. Wanasema kuku havunji yai lake. Mimi nimevunja.

Hilaria hakulia wala hakubishana na wazee. Alichukua tenga lake tupu, akanisogelea karibu, akasema kwa sauti ya kunisikia mimi tu, "Mama, wewe unajua." Akatembea mpaka barabarani. Sikumwita.

Godwin unasema nini? Sema nisikie. Kwamba hukujua? Ndiyo, hukujua mwanangu, ulitoa pesa yako ukanunua jogoo kwa moyo mweupe, na kosa lako ni dogo, kosa lako ni kwamba baadaye ulianza kuhisi na ukaona afadhali usiulize. Wegesa, wewe ulijua, wewe ndiye uliyekuwa ukipita pale kwenye tenga kila siku. Tumetazamana mwaka mzima juu ya chungu kimoja tusiseme. Wote tumekaa vizuri kwenye nyumba hii, na aliyeinunua mara mbili ndiye aliyefukuzwa.

Nipeni maji kidogo. Basi, inatosha.

Hilaria, ni mama yako. Hii ni sauti ya tatu ninayokutumia, zile mbili Irine ananiambia hujazifungua, alama zake bado za kijivu. Katika zile nilikuomba uje tu, sikusema kwa nini. Nilikuwa bado nataka uje kwanza, ndipo niseme kwa siri, mimi na wewe. Hata kwenye kutubu nilitaka nafuu. Sasa nimesema mbele ya mrithi na mbele ya Wegesa, na Irine ataipeleka sauti hii kwa wale wazee wawili pia, waisikie kabla ya mazishi yangu na si baada. Wakitaka kuchukua shamba wachukue. Godwin ana mikono. Kama nyumba hii ilisimama kwa uongo, acha ianguke, mimi sina tena nguvu ya kuishikilia, na sioni faida ya kuishikilia.

Wale waliobaki ni watatu, nakuachia wewe. Walipona kwa sababu walikuwa watundu, walikataa kulala bandani, wawili walikuwa wanalala juu kwenye mgunga, na wa tatu alikuwa ameatamia mayai yake kwa siri ndani ya ua wa minyaa kule mpakani, tukadhani kicheche amemla. Ukichagua kuku wa nchi hii ngumu, chagua mkaidi. Usimtazame uzuri. Toka nje saa saba mchana mwezi wa tisa, ona nani bado anachakura wakati wengine wamelala kivulini wanahema, huyo ndiye. Mshike mkononi, awe mwepesi. Pima kwa vidole kati ya mifupa ya nyuma, vikiingia viwili anataga, vikiingia vitatu anataga sana. Tazama miguu, iliyopauka ni ya mtagaji, yenye manjano mbichi ni ya mvivu. Na yai livunje utazame ganda kwa ndani. Kahawia hupakwa juu tu, yai likiwa bado bichi ukilisugua linatoka, lakini kijani cha kweli kimeingia mpaka ndani ya ganda. Joto likizidi rangi itapauka, usimchinje kwa ajili hiyo, subiri mvua. Haya yote unayajua. Nayasema kwa sababu nikinyamaza nitabaki na yale mengine.

Jogoo hakuna, Hilaria. Wote walikufa. Nimewafuga hawa watatu mwaka mzima wakitaga mayai ambayo hayana kitu ndani. Nimekaa kitandani hapa nikifikiri, kumbe nao wamekuwa nyumba ntobhu, ila kuku haoi mke. Na kuna jambo nililijua siku nyingi nikakataa kulijua. Nilikuwa nikiamini rangi iko kwa jogoo, kwamba mama ni tenga tu la kubebea. Si kweli. Tetea wa kijani ukimpandisha na jogoo yeyote, hata wa sokoni, mabinti zake wengi watataga kijani. Niliona hivyo kwa macho yangu mwaka hadi mwaka, na bado nikakutoa wewe ili nipate mtoto wa kiume wa kubeba jina. Mjinga gani huyo? Kuku walinifundisha, sikusoma.

Wamezeeka. Wakitaga msimu mmoja zaidi ni bahati. Sijui kama utawataka, na sijui kama jogoo atapatikana kabla hawajakoma, na ukweli naona kama nimechelewa kwa kila kitu. Majuto ni mjukuu, ndiyo, ila mimi mjukuu huyo amenikalia kifuani.

Maagizo ni machache. Msiwachinje kuku hawa kwenye msiba wangu. Godwin, najua watu watakuja wengi na mtaona aibu, mtasema tuanze na hawa wa marehemu, nakukataza. Chinja ng'ombe, ndiyo kazi yake. Nizikeni upande wa minyaa, si karibu na kaburi la babu yenu. Hilaria asipokuja msimsubiri na msimseme. Neno likitoka mdomoni mwa mtu yeyote wa nyumba hii dhidi yake, na limshike huyo huyo aliyelitoa. Irine, kesho asubuhi jua halijawa kali, weka watatu kwenye tenga, tandika majani, funga kwa kanga yangu ile ya njano, panda bodaboda mpaka kwake. Akikataa kufungua, weka tenga mlangoni, weka na maji, rudi.

Sasa baraka. Godwin, sogea, inama. Haya. Uzae, ufuge, ulime, usiogope wazee. Nilikutemea mate kifuani siku uliyotoka jandoni, yale yanatosha. Irine, wewe nilikutemea ulipokwenda chuo. Wegesa mke wangu, mkwe wangu, dada yangu, sijui hata nikuite nini baada ya miaka yote hii, nenda na amani. Kwetu baraka haisemwi tu kwa maneno, lazima mate ya mzee yamguse mtoto, ndimo inamopitia. Hilaria sikumtemea. Siku ya ndoa yake watu waliniita, mama njoo umbariki binti anaondoka, nikajibu nakuja, nilikuwa zizini nahesabu ng'ombe, na nilipotoka walikuwa wameshafika barabarani.

Kwenye simu mate hayapiti.

Irine, niletee yule wa minyaa. Mshike mabawa. Mlete hapa karibu na mdomo. Mgongoni, hapo. Nitamtemea yeye, umpeleke kwa Hilaria, umwambie apitishe mkono wake hapo hapo kabla hapajakauka... hapana, patakauka njiani, najua, mwambie apitishe tu. Mwanangu Hilaria, Mungu wa mama yangu akusimamie, watoto wako wakutunze kuliko nilivyo... Nyamazeni kidogo. Thu.

Hakuna kitu.

Thu. Ulimi umekauka kabisa. Wegesa, nilowanishe midomo kwa kitambaa. Haya. Thu... Hayo ni maji ya kikombe, Irine, si mate. Usimwambie ni mate. Msimdanganye tena. Mwambie mama alijaribu, yakakataa... Hilaria. Yamekataa, mama. Wachukue hivyo hivyo.